Albamu Tuliyoiimba kwa Sauti ya Chini

Mtu akiandika mtandaoni kuhusu bendi yetu, na wanaoandika ni wachache sana, huandika jambo lile lile: kwamba tulikufa kwa sababu tuliacha panki, ule muziki wa kupayuka, tukahamia soul. Wapo wanaosema tulilainika. Wapo wanaosema albamu ya mwisho ndiyo bora kuliko zote, na kwamba ni hasara tuligombana kabla ya kutengeneza nyingine. Hatukugombana. Nasoma, nazima simu, naendelea na kazi. Leo nayaandika yaliyotokea kwa sababu tunaoyajua yote tuko watatu tu, na katika hao watatu mimi ndiye niliyenyamaza kwa sababu mbaya.

Jina la bendi silitaji. Waliokuwepo wanalijua, na wasiokuwepo halitawasaidia kitu.

Tulikutana Bagamoyo, kwenye chuo cha sanaa. Mimi ni mtoto wa Mji Mkongwe wa hapo hapo Bagamoyo, nimelelewa na mama na kaka yake, kwa hiyo chuoni nilikwenda kwa miguu kutoka nyumbani. Mwenzetu wa pili alitoka Chalinze, kijana mnene, mpole, ambaye mama yake alikuwa na mgahawa kwenye maegesho ya malori. Huyo alipiga dramu. Wa tatu alikuwa msichana kutoka Miono, binti wa wakulima wa ufuta, mwembamba, mwenye macho ya kumpima mtu kabla hajamjibu. Yeye alipiga gitaa la besi na kuimba kwa wakati mmoja, jambo ambalo hata leo sijui alikuwa analifanyaje.

Chuoni tulifundishwa ngoma, na Jumamosi tulipelekwa kwenye hoteli za ufukweni kuwachezea wageni. Mwalimu alisimama pembeni akitukumbusha kwa ishara ya vidole viwili mashavuni: tabasamu. Tulitabasamu mpaka taya zikauma. Siku moja, baada ya onyesho, binti wa Miono alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa akifungua njuga miguuni, akasema bila kumtazama mtu:

"Mimi nataka muziki ambao mtu anauimba akiwa amenuna."

Bendi ilianzia hapo. Kwenye chumba cha muziki palikuwa na sanduku la CD zilizoachwa na mwalimu fulani mgeni, na mle ndani tukakuta moja ya panki, ya watu wasiojua kupiga vyombo na wasioona haya. Tuliisikiliza mpaka ikaanza kurukaruka. Kwetu neno panki lilikuwa mtindo wa nywele kwanza, ndiyo maana tulipopiga Chalinze, kwenye uwanja wa nyuma ya maegesho, dereva mmoja wa lori alisimama mbele yetu wimbo mzima akiwa na kikombe cha chai mkononi, halafu akauliza, "Kama hii ni panki, mbona hamjanyoa?" Mwingine alidhani tunagombana akaja kutuamulia. Mpiga dramu aliishiwa nguvu kwa kucheka.

Nyimbo zetu zilikuwa za dakika mbili. Tulipayuka juu ya tabasamu la kulazimishwa, juu ya umeme, juu ya wachumba wanaochunguza ukoo kabla ya kuuliza jina. Tulirekodi albamu mbili Mapinga, kwenye studio iliyokuwa chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya ujenzi, kuta zimebandikwa trei za mayai, huku upande wa pili wa ukuta watu wakipimiwa nondo. Hatukupata umaarufu. Tulipata watu wachache waliotufuata kila tulikokwenda, na kwa umri ule sikuona tofauti.

Wimbo waliokuwa wakiungoja hao wachache ulikuwa wa vigingi. Shangazi yake mwimbaji aliishi Mapinga, naye ndiye aliyemsomesha sekondari. Shamba la shangazi yule lilimegwa na dalali mmoja na kuuzwa kwa watu wawili tofauti, kila mmoja akaja na vigingi vyake, na mwenyewe akabaki na kipande kisichotosha hata kugeuza mkokoteni. Mwimbaji aliandika maneno, mimi nikatunga muziki. Mwishoni aliachia ukelele mmoja mrefu wa pumzi nzima, na watu walisimama kimya kuungoja kama wanavyongoja baruti ilipuke. Wimbo ule hatukuwahi kuurekodi. Kila tulipojaribu, mitambo ya studio ilishindwa kuumeza ukelele, ukatoka umekwaruzika. Basi ukabaki wa jukwaani. Kwa kuwa muziki ulikuwa wangu, nilijizoesha kuuita wimbo wangu.

Nyumbani kwetu hakuna aliyetukubali. Mama alikuwa akifunga dirisha. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa karani mstaafu wa bandarini, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi na saa ya mkono wa kulia. Ujanani aliishi Dar es Salaam, akavaa suruali za bugaluu zilizopanuka chini na viatu vya raizoni vyenye soli nene, akacheza soul mpaka asubuhi, na wazee wa wakati ule wakamwita mhuni. Santuri zake alikuwa nazo bado, zimepangwa wima kwenye kabati la vyombo, na hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa kwa mikono yenye mafuta. Mtu wa namna hiyo, nilidhani, angenielewa. Siku aliyotusikia kwa mara ya kwanza akipita nje ya chuo, aliniita barazani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Ule ndio muziki wenu?"

"Ndiyo mjomba."

"Mnasema mna hasira. Ile si hasira, mwanangu. Ile ni pupa."

Tulipiga mara nyingi mitaa miwili kutoka pale alipokuwa akiketi, na hakuja hata mara moja. Sikumwambia kwamba iliniuma. Baba yangu alikufa nikiwa mdogo, na kila nilichojifunza kukitaka kwa mwanamume mzima nilikitaka kwake.

Halafu sauti ya mwimbaji ikaanza kuharibika. Kwanza ilikuwa ya asubuhi tu, imekwama, akainywea tangawizi na asali na kutafuna karafuu. Baadaye ikawa ya siku nzima. Kisha tukiwa kwenye ukumbi wa chuo, katikati ya wimbo wa tatu, ikakatika kabisa. Mdomo ulikuwa wazi, mishipa ya shingo imesimama, na hakuna kilichotoka. Watu walidhani ni spika.

Nilimsindikiza Dar es Salaam kwa daktari wa koo. Nasisitiza hili: nilikuwepo. Nilikaa kwenye kiti cha pili, nikaona picha kwenye kioo cha mashine, nyuzi mbili nyeupe zinazofunguka na kufunga, na kwenye kila moja kinundu kama punje ya mtama. Daktari, mama wa makamo, alizungumza taratibu.

"Utanyamaza wiki nane. Si kunong'ona, kunyamaza kabisa. Baada ya hapo utaweza kuongea, hata kuimba kwa utulivu. Lakini kupiga kelele, basi. Ukirudia, utakuja kuongea kwa mnong'ono maisha yako yote. Umenielewa?"

Akatikisa kichwa. Daktari akanigeukia.

"Na wewe umenielewa?"

"Nimekuelewa, daktari," nikasema.

Wiki zile nane alizipitishia Bagamoyo. Chumba alichopanga kilikuwa na makelele ya wapangaji, na mama yangu, aliyekuwa hapendi muziki wake lakini alimpenda yeye, akamwambia awe anashinda kwetu. Alikuja na daftari la shule na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Salamu aliziandika. Alimwandikia mama "shikamoo" kila asubuhi na mama akaijibu kwa sauti, kwa heshima zote, kama amesikia.

Mjomba alipata msikilizaji asiyeweza kumkatiza. Wiki ya pili akafungua kabati. Mimi wakati huo nilikuwa natengeneza redio na amplifaya za watu, nikirudi nyumbani jioni. Siku moja nilirudi mapema nikawakuta sebuleni, santuri inazunguka, yeye ameketi sakafuni amefumba macho, kiganja amekiweka juu ya boksi la spika. Mjomba alikuwa ameinama mbele kwenye kiti chake.

"Sikiliza hapa," alisema. "Anaomba, unasikia? Lakini hapigi magoti. Huyu mtu ana maumivu kuliko wote mle chumbani, na ndiye pekee asiyeyaharakisha."

Mimi nilisimama mlangoni. Hakuna aliyeniona. Miaka yote niliyoishi katika nyumba ile hakuwahi kunifungulia kabati, hakuwahi kuinama mbele namna ile kunieleza kitu. Nikarudi nje nikazunguka mtaa mzima, nikaingia tena kwa kishindo ili wajue nimefika.

Wiki zilipokwisha tukakutana mazoezini. Sauti iliyorudi haikuwa ile. Ilikuwa nzito, ya chini, na pembeni yake palikuwa na ukavu kidogo, kama ubao ambao haujapigwa randa. Alisema ana wimbo mpya. Ulikuwa wa mama yake wa Miono, ambaye kila anapopiga simu swali la kwanza ni "umekula?" na la mwisho ni "umekula?", kwa sababu hakufundishwa neno jingine la kumwambia mtoto kwamba anampenda. Aliuimba akiwa ameketi. Mpiga dramu alisikiliza ubeti mmoja, akatandika taulo juu ya dramu, akaanza kupiga polepole kwa ncha za fimbo. Besi ikaingia kama mtu anayetembea nyumbani kwake gizani. Mimi nilishika gitaa nisiguse hata waya mmoja.

Ulikuwa mzuri. Nililijua hilo kabla haujafika nusu, na ndilo lililonikasirisha.

"Hii ni bendi ya harusi," nikasema ulipokwisha.

"Siwezi tena kupiga kelele," akasema. "Unajua. Ulikuwepo."

"Najua. Lakini kushindwa kupiga kelele ni jambo moja, kubembeleza ni jambo lingine."

"Simbembelezi mtu. Nasema kitu kile kile. Sasa tu kinasikika ninachosema."

Nikamgeukia mpiga dramu, nikitegemea atacheka. Hakucheka. Akasema, "Mimi naupenda," na kwa kuwa alikuwa mtu asiyependa maneno, nikajua nimeshindwa kura.

Miezi iliyofuata tulitunga nyimbo nane za namna ile. Nilipiga. Sikuwa na bendi nyingine ya kwenda. Nilijifunza kuacha nafasi, kugusa waya mmoja na kuungoja ufe, na mikono yangu ilijifunza haraka kuliko moyo. Kila mazoezi nilitoa kejeli moja, nikaona inavyomfikia mwimbaji, nikaridhika hadi mazoezi yajayo. Siku moja mjomba akaja. Alibisha hodi kama mgeni, akapewa kiti, akaketi na kofia yake magotini, mguu mmoja ukipiga sakafu. Tulipomaliza alivua miwani akaifuta.

"Sasa mmeanza muziki," alisema.

Alimwambia mwimbaji. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka hapo na gitaa begani.

Nadhani ilikuwa njiani kurudi nyumbani siku ile ndipo nilipopata wazo la sharti. Nililitoa wiki moja kabla ya kurekodi. Nikasema nimewafuata nyimbo nane bila kugoma, sasa na mimi nataka moja. Wimbo wa vigingi. Kwa mtindo wa zamani, na ukelele mwishoni. Nilikuwa na hoja zangu: haujawahi kurekodiwa, studio sasa ina mitambo mipya, watu wetu wa zamani tusiwatupe, ni mara moja tu. Hoja zote zilikuwa za kweli. Hakuna hata moja iliyokuwa sababu yangu.

Mpiga dramu akasema, "Daktari je?"

Nikasema, "Wimbo mmoja hauui mtu."

Mwimbaji mwenyewe akakunja na kukunjua kona ya kanga yake. Mwishowe akasema, "Mara moja."

"Mara moja," nikakubali.

Studio ilikuwa ile ile ya Mapinga. Nyimbo nane tulizimaliza kwa siku nne, na sijawahi kuona kazi iliyokwenda kwa amani vile. Prodyuza, mtu aliyezoea kupiga miayo tukiwa ndani, alikuwa akizima feni ili isiingie kwenye kurekodi. Siku ya tano, asubuhi, tukauweka wa vigingi.

Mara ya kwanza niliuharibu mimi. Nilikosea pale wimbo unapogeuka, mkono ukateleza, lakini sikusimama, na yeye hakujua, akaenda mpaka mwisho na kupiga ukelele wote. Prodyuza akasema kwenye visikizio, "Gitaa limekosea, samahani, turudie." Mwimbaji akanitazama kupitia kioo. Akanywa maji. Akarudi.

Mara ya pili ulikuwa safi. Mpiga dramu hakukosea, mimi sikukosea, na yeye aliimba kwa akili: alipunguza pale pa kupunguza, ukelele wa mwisho akaukata kabla haujafika mahali pa hatari. Ulikuwa mfupi na ulitisha zaidi kwa kuwa mfupi. Prodyuza akainua dole gumba.

Nikasema, "Tena."

"Tena kwa nini?" prodyuza akauliza.

"Ukelele ni mfupi. Amejizuia."

Hilo lilikuwa kweli, alijizuia. Nilisikia jinsi alivyojitunza, jinsi alivyojibakizia kitu cha kwenda nacho kwenye zile nyimbo nyingine, kwa mama yake, kwa mjomba wangu, na sikutaka abakize. Nimekaa na jambo hili miaka kadhaa nikilitafutia jina la heshima. Halina.

Mpiga dramu alisema tuache. Nilimtazama mwimbaji, naye akanitazama, kisha akavaa visikizio.

Mara ya tatu hakuniondolea macho toka mwanzo hadi mwisho. Alipofika kwenye ukelele aliuachia wote, mrefu, mrefu kuliko nilivyowahi kuusikia jukwaani, na karibu na mwisho ukaingia mlio mwingine ndani yake, kama pale muuza duka anapochana kitenge kwa mikono. Kisha kimya. Alivua visikizio akavitundika mahali pake. Akatoka, akamimina maji, akanywa, akafungua mdomo kumwambia kitu mpiga dramu, na nikaona midomo inavyotembea bila chochote.

Mpiga dramu aliweka fimbo sakafuni. Akaniuliza kwa upole, na mpaka leo upole ule ndio unaoniudhi, "Umefurahi?"

Safari hii kwa daktari alisindikizwa na mpiga dramu. Alifanyiwa upasuaji mdogo, akanyamaza tena wiki nyingi kuliko zile za kwanza. Kilichorudi ni mnong'ono. Albamu ilitoka na nyimbo nane. Prodyuza alipiga simu kuuliza ule wa tisa atumie upi kati ya zile mara mbili nzuri, na mpiga dramu akamjibu kwa niaba yetu wote kwamba hakuna wa tisa. Kwa hiyo hakuna mtu nje ya chumba kile aliyewahi kuusikia ulivyorekodiwa. Mimi ninao kwenye kompyuta. Niliwahi kuzisikiliza zote tatu, siku moja, kwa mfuatano. Ya pili ilikuwa bora.

Hatukutangaza kwamba bendi imekufa. Tuliacha tu kukutana. Mpiga dramu sasa anapiga kwenye hoteli moja ya ufukweni, wageni wakila, na nasikia ameoa. Mimi nakodisha vyombo vya muziki kwa shughuli za watu, kutoka Bagamoyo hadi Bunju. Ule wimbo wa "umekula" umekuwa maarufu kwenye harusi. Wanaupiga wakati mama wa bibi harusi anaingizwa ukumbini, kina mama wanafuta machozi kwa ncha za mitandio, na mimi niko nyuma ya mitambo napandisha sauti. Washereheshaji huwaambia watu kwamba mwimbaji wake ameacha muziki. Mmoja aliwahi kusema ameolewa Uarabuni.

Mjomba aliniuliza mara moja tu. "Yule binti amepatwa na nini?"

"Ugonjwa umerudi, mjomba," nikasema.

Akasikitika kweli. Akamtumia salamu na chupa ya asali ya nyuki wadogo. Alipougua yeye mwenyewe, ugonjwa wake wa mwisho, alitaka awekewe albamu yetu karibu na kitanda. Si santuri zake, albamu yetu. Mchana mmoja alinishika mkono, mkono wake umekuwa mwepesi kama wa mtoto.

"Unajua kilichonifurahisha?" akasema. "Si kuimba kwake peke yake. Ni wewe. Ulikuwa mbishi tangu utotoni, lakini pale uliacha ubishi ukamfuata mwenzio. Gitaa lako mle linasikiliza. Si kila mwanamume anaweza. Nimejivunia."

Nilikuwa nimeingoja kauli hiyo maisha yangu yote. Nikasema, "Asante mjomba." Siku tisa baadaye tukamzika, na watu waliponipa pole walisema, alikuwa anakupenda sana. Nikawa naitikia.

Mwaka jana nilikwenda Mapinga. Nilikuwa nimepita pale mara nyingi na gari la vyombo bila kusimama, ingawa nilijua mwimbaji yuko wapi: kwenye kile kipande kilichobaki cha shangazi yake, kando ya barabara, anauza miche. Shangazi alishafariki. Nilimkuta amechuchumaa akijaza udongo kwenye mifuko myeusi, kanga kiunoni, mikono imejaa mboji. Alinikaribisha kwenye benchi. Sauti yake ilikuwa pumzi tu yenye maneno ndani yake, nikalazimika kuinama ili nisikie.

Tulisalimiana, tukaulizana habari za nyumbani. Alinipa pole ya mjomba. Kisha nikasema nililokwenda kusema.

"Mara ya pili ilikuwa nzuri. Nilijua ni nzuri."

"Na mimi nilijua," akanong'ona.

"Kwa nini basi ulirudia?"

Aliendelea kujaza udongo. Alijaza mifuko miwili kabla ya kujibu.

"Ule ulikuwa wimbo wa shangazi yangu. Alikuwa hai bado, yuko hapa hapa, hatua mia kutoka ile studio. Niliona kama nikiuimba kwa kujitunza nitakuwa nimemmegea na mimi, kama yule dalali. Wewe ulidhani unaniamrisha." Akanitazama kwa yale macho ya kupima. "Usijipe ukubwa."

Sijui kama ni kweli. Nimelifikiria sana, na siwezi kujua kama aliniambia ukweli, au alinihurumia, au aliniadhibu kwa kuninyang'anya hata kosa langu.

"Lakini naomba unisamehe," nikasema.

"Msamaha utakusaidia wewe. Mimi utanisaidia nini?"

Hakulisema kwa ukali, na hata angetaka, asingeweza tena kusema kitu kwa ukali. Gari dogo jeupe likaingia pembeni ya barabara, akashuka mama mmoja aliyevaa kama mtu wa ofisini, mwenye kiwanja kipya jirani, akitaka miche ya ndimu. Aliuliza ndimu hizi zinazaa baada ya muda gani. Mwimbaji alimjibu. Mama yule akasogea, akatega sikio, hakushika kitu.

"Pole dada, mafua?"

"Asante," akanong'ona.

Mama akauliza tena, sasa akinitazama mimi, kwa kuwa mimi nilikuwa mtu mwenye sauti. Mwimbaji akasema maneno yale yale kwa mara ya pili, taratibu, macho yake yako kwenye mche. Nami nikainuka kwenye benchi, nikayasema kwa sauti ili yasikike juu ya magari yaliyokuwa yakipita.

"Anasema miaka mitatu. Ukiimwagilia vizuri, anasema, pengine miwili na nusu."

Mama akachagua minne. Niliibeba mpaka kwenye gari lake, miwili miwili, nikaipanga nyuma isilale. Nilipogeuka, mwimbaji alikuwa amekwisha kuchuchumaa tena, amenipa mgongo, anajaza udongo.